Sheria ya Uhuru wa Kuku

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Voi, wenye kuku na wasio na kuku, kwamba kuanzia leo kuku wote wako huru.

Hayo ndiyo maneno niliyoyasoma mimi, Stephen Mwandawiro, Karani Mkuu na Mkalimani wa Ofisi ya Mifugo Midogo, nikiwa nimesimama juu ya sanduku la chai chini ya bendera, mwaka wa pili baada ya vita vya Wajerumani kwisha. Nilisoma kwa sauti ya kufika stesheni. Watu hawakupiga makofi, lakini hilo ni jambo la kawaida kwa umma ambao haujazoea maendeleo.

Ofisi yetu haikuwa kubwa. Alikuwepo Bwana Tinsley, mkuu wake. Nilikuwepo mimi, niliyekuwa kila kitu kingine. Na walikuwepo askari wawili wa kufagia. Bwana Tinsley alikuwa na shamba nyuma ya ofisi, upande wa mtoni, na humo alifuga kuku weupe walioletwa kwa meli, bata, bata mzinga wawili wenye hasira, mbuzi mmoja aliyeitwa Gertrude, na punda. Hakuwafuga ili ale wala ili auze. Aliwafuga ili awatazame. Kila siku baada ya kazi aliketi kwenye kiti chake cha turubai, akawasha kiko, akatazama kuku wakichakura na askari wakifagia nyuma ya kuku. Watu wa Voi nao walisimama njiani kumtazama mtu anayetazama kuku. Wengine walinong'ona kwamba huenda kwao kuku wameisha. Niliwaeleza kuwa hiyo ni burudani ya kitaalamu, wakaniuliza kama inalipwa mshahara. Nikawaambia inalipwa.

Sheria ilizaliwa kwenye kiti hicho. Bwana alikuwa amesoma mahali kwamba kuku ni kiumbe chenye akili, na kwamba akiachiwa hiari yake atamchagua mwenyewe bwana anayemfaa. Basi tukaandika mafungu manne. La kwanza, ni marufuku kumfungia kuku tunduni, kumfunga kamba mguuni, au kumbeba kichwa chini miguu juu. La pili, kila mfugo mdogo ni mali ya ua ule anamolala kwa hiari yake jua likizama. La tatu, anayedai mfugo aje mwenyewe, asitume mtu, asimame nje na asubiri mpaka aitwe. La nne, ofisi haitambui desturi.

Fungu la nne nililitunga mimi. Kila sheria niliyowahi kuiona ilikuwa nalo, nami sikutaka yetu ionekane fukara.

Bwana alikuwa na magunia ya mahindi, na hakuwa na shaka hata kidogo kwamba kuku wote wa Voi, wakipewa uhuru, wangehamia kwake. Alipouliza kama kuna swali, Badawy mwenye duka karibu na reli aliinua mkono. Alitaka kujua kama kuku sasa anaweza kutembea mpaka Taveta asiulizwe. Nikasema anaweza. Akauliza, na mtu je? Nikamfafanulia kwa upole kwamba mtu lazima avae kipande shingoni, chenye alama za vidole vyake, kwa sababu mtu ni kazi ya ofisi nyingine. Badawy alimtazama jogoo wake mwekundu aliyekuwa akipita mbele ya baraza kifua mbele.

"Hongera, mwanangu," akamwambia. "Wewe ushafika."

Kando yake alisimama Bi Mwanarusi, mjane wa Kimombasa aliyekaa ng'ambo ya reli. Yeye aliposikia lile la kamba alisema, kama anayejisemea, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Msemo huo nimeusikia tangu utotoni, lakini mimi nilipelekwa shule ya misheni kabla sijafuga chochote, na ujuzi wangu wa kuku ni wa sahani. Nilidhani msemo unahusu wageni. Kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimeshuka Voi juzi juzi kutoka Mbale, milimani kwa Wataita, niliona ananisema mimi, nikanuna mpaka jioni.

Bi Mwanarusi aliishi kwa mandazi na mayai ya kuchemsha. Gari la moshi likisimama, alipita madirishani mwa daraja la tatu na sinia kichwani, na abiria hawakuwahi kulalamika isipokuwa gari lilipoondoka kabla hawajapata. Mayai hayo yalitoka kwa kuku wake, na kuku wake wote walitoka kwa kuku mmoja, Kishungi, mwenye nywele zilizosimama utosini. Kishungi alikuwa mzee na alikuwa na kipaji kimoja. Alijua kuatamia. Ukimwekea mayai yake aliatamia, ukimwekea ya jirani aliatamia, na ukimwekea vitasa vya mlango angevikalia siku zake zote akitumai.

Sasa, kuku weupe wa Bwana walikuwa na kasoro ambayo kule walikotoka haikusemwa. Walitaga vizuri sana, kisha wakaondoka. Yai walilidondosha majanini kama mtu aliyeangusha leso, wala hawakugeuka nyuma. Bata mzinga nao walikuwa na shughuli zao za kugombana. Bwana alilifikiria jambo hili kwa viko viwili, kisha akaamuru Kishungi achukuliwe kwa kazi ya serikali.

Nilikwenda mwenyewe na askari mmoja. Bi Mwanarusi alitukaribisha kwa adabu, akatupa mandazi, kisha akataja masharti. Alisema ni desturi tangu zamani: mwenye kuku anayeatamia na mwenye mayai hugawana vifaranga nusu kwa nusu. Waswahili hufanya hivyo, Wataita hufanya hivyo, na hata wale wasioamkiana hufanya hivyo. Nikapeleka neno hilo kwa Bwana, nikarudi na jibu lake, na ninakiri nilirudi nikitembea kwa maringo, maana jibu lilikuwa langu.

"Bi Mwanarusi," nikasema, "ofisi haitambui desturi."

Aliinamisha kichwa. Kisha akaniomba nimrudilie fungu la pili, lile la kulala. Nikamrudilia. Akasema ni fungu zuri, akaingia jikoni kutazama mafuta yake.

Kishungi alipelekwa shambani, akawekwa kwenye sanduku lililopakwa rangi, juu ya blanketi, juu ya mayai kumi na mawili. Alikaa kwa heshima mpaka jua likazama. Hapo akainuka, akajikung'uta, akavuka reli, akaenda zake kulala kwenye kikapu chake kibovu nyuma ya jiko la Bi Mwanarusi. Mayai yalipoa yakawa viza. Kumfunga kamba haikuwezekana, kwa sababu ya fungu la kwanza. Bwana akaona mbali: ikiwa mtumishi haji ofisini, ofisi itamfuata mtumishi. Tukapeleka mayai kwa Bi Mwanarusi, ya kuku, ya bata na ya bata mzinga, tukamwekea Kishungi na mabinti zake, na mlangoni nikapigilia kibao kilichosema TAWI LA KUATAMIA.

Tawi lilifanya kazi kupita makao makuu. Vifaranga vilitoka kwa makundi. Vifaranga vya bata viliingia mtoni siku ya pili tu, na Kishungi akabaki ukingoni akilia kama mzazi aliyeona wanawe wanapanda gari la moshi bila tiketi. Vilirudi, akavifunika. Bata mzinga wadogo walimzidi kimo upesi lakini bado walijaribu kuingia chini ya bawa lake, kichwa kikiwa ndani na mwili wote nje. Wote walilala kwenye ua ule, juu ya paa la jiko, kwenye wigo, na kwenye vikapu.

Huku shambani, uhuru ulikuwa ukiendelea vizuri. Kwa kuwa hakukuwa na tundu, kuku weupe wa zamani walilala huru majanini, na nguchiro, ambao hawakuwa wamesoma alichosoma Bwana, waliwapitia mmoja mmoja. Bata wa zamani walikwenda hivyo hivyo. Wale bata mzinga wawili wenye hasira walichukuliwa na chui usiku mmoja, na nadhani walikuwa bado wakigombana. Katika taarifa ya mwezi niliandika kwamba wamestaafu.

Pengo lilizibwa na wale waliokulia tawini. Walipokomaa tuliwahamishia shambani kwa gwaride, kila mmoja akibebwa kichwa juu, wakamwagiwa mahindi. Walikula mchana kutwa mbele ya Bwana, naye akavuta kiko chake kwa furaha. Saa ya maji yake ya moto na kinywaji chake ilipofika, Bwana aliingia ndani. Jua lilipozama, kuku walijipanga mstari, bata nyuma yao, bata mzinga nyuma ya bata, wakavuka reli wakaenda nyumbani. Gertrude, mbuzi asiyependa upweke, aliwafuata.

Alfajiri mimi na askari tulikwenda kuwachukua. Bi Mwanarusi alitufungulia mwenyewe, akasema wapelekwe tu wakale mahindi ya serikali, jioni watarudi. Kabla Bwana hajaamka walikuwa wameshachakura shamba zima. Hatukumwambia, kwa kuwa hakuuliza, na ofisi haiendeshwi kwa kujibu maswali ambayo hayajaulizwa. Niliandika kwamba mifugo yote inalala nje kwa ruhusa.

Kuku mmoja tu wa mjini alichagua shamba letu, naye ni yule jogoo mwekundu wa Badawy. Alivimbiwa mahindi hata akashindwa kutembea, jua likamzamia hapo hapo. Badawy alikuja asubuhi, akasimama nje, akasubiri mpaka adhuhuri kama fungu la tatu linavyotaka, kisha nikamsomea la pili. Hakubisha. Aliuliza tu kama jogoo ana hali gani, nikasema anatunzwa. Jumapili Bwana alimla na vitunguu.

Ndipo habari ikaja kwamba Bwana Mkaguzi anapanda kutoka Mombasa kuitazama sheria yetu, na akiipenda ataieneza pwani nzima. Bwana Tinsley hakulala kwa furaha. Aliamua kwamba mgeni mkubwa hawezi kurudi mikono mitupu, na kwamba zawadi inayofaa ni mtumishi bora wa ofisi. Kishungi angepanda gari la usiku kwenda Mombasa, moja kwa moja, asirudi tena.

Nilitumwa kumweleza Bi Mwanarusi. Nilimkuta akiosha sinia. Nilimweleza kwa lugha ya ofisi, kwamba Kishungi amepandishwa cheo na kuhamishwa. Alikausha mikono yake kwa utaratibu kabla hajasema.

"Mwanangu," akasema, "serikali ilimwazima mume wangu Miraj wakati wa vita, akaibebee mizigo huko Taveta. Wakanambia atarudi. Nilipokwenda kuuliza, wakanisomea karatasi, amepotea kazini. Sasa waniazima kuku. Na huyu nae, wampoteza kazini?"

Nilikohoa. Nilisema ni vumbi, na Voi kweli ina vumbi. Nilitafuta fungu la kumsomea, halikuwepo. Niliona haya, nasema wazi, nikamchukua Kishungi kichwa juu, nikaondoka bila mandazi. Kuku huyo alikuwa chakula cha mwanamke yule, na kuku wote waliokuwa wakizaliwa uani kwake walitoka chini ya mbawa zake.

Bwana Mkaguzi alishuka mchana, mtu mwembamba, mkavu, mpenda sheria kama wengine wanavyopenda nyama. Kishungi alikuwa kwenye kikapu chenye utepe, ambacho kwa mujibu wa ofisi si tundu. Watu wa mji walialikwa kuja kufurahi, wakaja. Bwana Tinsley alitoa hotuba juu ya kuku na hiari yake. Nikaifasiri. Bwana Mkaguzi akajibu kwa hotuba, nikaifasiri hiyo pia, na kwa kuwa nilitaka kazi yangu ionekane niliongeza ya kwangu kidogo. Tulipomaliza jua lilikuwa limegusa milima. Ilikuwa mara ya kwanza Bwana Tinsley kuwa shambani saa hiyo.

Bwana Mkaguzi akataka kuiona zawadi yake. Akafunua kikapu.

Kishungi alitoka, akajikung'uta, akatazama jua. Akaita mara mbili kwa sauti ya chini. Kuku weupe wote waliinua vichwa kutoka kwenye mahindi. Kisha akaanza kutembea, nao wakaingia nyuma yake, na bata, na bata mzinga, na Gertrude. Walipita katikati ya miguu ya wakubwa hawa wawili bila kuomba njia.

Bwana Tinsley alicheka kidogo, akasema wanazunguka tu. Bwana Mkaguzi hakucheka. Alivaa kofia yake akawafuata, maana alikuwa mtu wa kufuata jambo mpaka mwisho wake. Basi sote tukafuata, Bwana kwa Bwana, mimi, askari, na mji mzima, tukavuka reli nyuma ya kuku kama watu wanaosindikiza harusi. Tulipofika, mifugo ilikuwa imekwisha kujipanga kwenye paa, kwenye wigo na kwenye vikapu. Kishungi alikuwa kwenye kikapu chake kibovu. Bata mzinga mmoja alikuwa ameingiza kichwa chini ya bawa lake. Jua lilikuwa limezama.

Bwana Mkaguzi akauliza, kwa kinywa changu, wanyama hawa ni wa nani.

"Mimi mja mnyonge, sijui sheria," akasema Bi Mwanarusi. "Karani atusomee fungu la pili."

Nikalisoma. Sijawahi kusoma kitu kifupi kwa muda mrefu vile.

Bwana Tinsley akasema kuna hitilafu, kwamba kuku hawa amewalisha yeye, na kwamba uchaguzi wao hauna maana. Badawy, aliyekuwa ameegemea kibao cha tawi, akaomba kusema neno moja. Alisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na ulipokuja mbele ulimkata jogoo wake. Bwana Mkaguzi akamgeukia mwenzake, akamuuliza kama ni kweli fungu hili limewahi kutumika. Bwana Tinsley akakubali kwamba limetumika. Akaulizwa jogoo yuko wapi. Bwana Tinsley akasema aliliwa na vitunguu.

Bwana Mkaguzi alifurahi sana. Alisema amekagua sheria miaka mingi, na hajawahi kuona inayofanya kazi yenyewe, mbele ya macho yake, bila hata askari. Akaagiza ienezwe pwani yote, na lisiguswe hata neno moja. Kuhusu zawadi, alisema hawezi kupokea kuku kutoka kwa mtu ambaye kuku si wake. Akampa Bi Mwanarusi mkono, akapanda gari lake, akaenda.

Bwana Tinsley alibaki uani. Shambani kwake alikuwa amebakiwa na punda tu, ambaye si mfugo mdogo. Alizungusha kofia mikononi, kisha akaniambia nimwambie mama huyu kwamba amesikia kuna desturi ya zamani hapa Voi, nzuri sana, ya mwenye mayai kupata nusu ya vifaranga. Mayai yalikuwa yake.

Nikafasiri. Bi Mwanarusi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie Bwana," akasema, "ofisi haitambui desturi."

Nilifasiri hilo pia. Ndiyo kazi yangu.

Hakuna aliyecheka, na nafikiri hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Lakini Bi Mwanarusi si mtu wa kumwacha mgeni arudi mikono mitupu. Aliteremsha kutoka wigoni kuku mmoja mweupe, akampakatisha Bwana. Alisema anampa amfuge kwa mgawo, na akiangua, nusu ya vifaranga ailete kwake. Kisha akachomoa kamba kwenye kanga yake, akaishika mbele yetu.

"Mfunge mguu siku tatu nne, apajue nyumbani," akasema. "Usipomfunga atarudi kwangu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

Hapo ndipo msemo ule uliponiingia. Bwana aliitazama kamba, akawatazama watu, akafikiria fungu la kwanza ambalo wakati huo lilikuwa njiani kwenda kuenezwa pwani yote. Hakuipokea.

Kuku yule hajaangua hata kifaranga kimoja, na ni wa ile jamii isiyoatamia. Ila kila jua likizama huvuka reli, akaenda zake kulala. Na kila asubuhi Bwana Tinsley huja kumdai, mwenyewe, bila kutuma mtu, akasimama nje ya ua na kofia mkononi mpaka aitwe. Mimi huja naye kufasiri. Bi Mwanarusi humaliza mandazi yake kwanza, akachemsha mayai, akapanga sinia, akamwita Badawy waongee kidogo habari za mjini. Kisha hugeuka, akamtazama Bwana kana kwamba hajapata kumwona, akaniambia nimuulize yule mzee anataka nini.